Viatu vya "Vegani" Vilivyobambuka Kabla ya Mvua za Vuli

Nilivinunua mwezi wa tatu, dukani hapa mjini Kisumu, kwa sababu ya kibandiko tu: ngozi ya vegani, yaani isiyotoka kwa mnyama. Tangu niache nyama, sahani yangu ilikuwa safi, lakini miguuni na kiunoni nilikuwa bado nimevaa ng'ombe. Kwa hiyo nililipa bila hata kuomba kupunguziwa. Kufikia mwezi wa nane kisigino kilikuwa kinabambuka kama rangi ya ukuta mbovu, na chini yake hakukuwa na kitu ila kitambaa cheupe kilichopakwa plastiki.

Ndivyo ngozi bandia nyingi zilivyo: plastiki za PVC au poliyurethani, na zote mbili asili yake ni mafuta ya petroli. Zipo za majani ya nanasi na za mpungate wa Mexico, lakini hata hizo kwa kawaida hupakwa tabaka la plastiki juu. Neno lenyewe vegani lilibuniwa Uingereza mwaka 1944 na watu waliokataa maziwa na mayai. Linakuambia hakuna mnyama aliyetumika. Kiatu kitadumu muda gani, au kitaishia wapi, hilo halimo.

Aliyenifumbua macho ni mzee mmoja fundi cherehani pale Kibuye. Nilimpelekea gauni la mtumba anipunguzie, nikijisifu kwamba ni pamba tupu. Akachomoa uzi kwenye mshono wa ndani, akawasha kiberiti. Uzi ukajikunja, ukayeyuka, ukabaki kishanga cheusi kigumu.

"Binti, hii ni plastiki," akasema. "Pamba ingenuka karatasi na kuacha jivu laini. Sufu ingenuka nywele."

Tangu siku hiyo natembea na kiberiti. Wauza mitumba wanaonijua huanza kucheka nikitokea. "Kastoma, hii ni kamera, nguo ya daraja la kwanza, usiichome!" Nami huwaomba uzi mmoja tu, wa ndani.

Maoni yangu ni haya: kwa mtu wa hapa, nguo isiyodhuru mnyama wala ziwa ni rahisi zaidi kuipata kwenye robota la Kibuye kuliko kwenye duka lenye kibandiko. Shati la pamba ambalo limeshavaliwa miaka mitano halihitaji shamba jipya wala kisima cha mafuta. Najua mitumba ina lawama zake. Wengi husema ndiyo iliyoua viwanda vyetu, na ukipita ilipokuwa KICOMI, kiwanda cha nguo cha hapa Kisumu, huwezi kuwapuuza. Rivatex ya Eldoret, kiwanda cha vitambaa ambacho Chuo Kikuu cha Moi kilikinunua mwaka 2007, ikiniuzia kitambaa cha pamba ya Busia kwa bei ninayoiweza, nitakuwa wa kwanza kwenye foleni. Kwa sasa nanunua kilichopo, nikichagua.

Miguuni nimerudi kwa akala. Tairi kuukuu, misumari midogo, shilingi 350, na fundi alinikatia kwa kufuata unyayo wangu niliokanyaga juu ya gazeti. (Mpira wa tairi nao mara nyingi hutiwa asidi inayotokana na mafuta ya wanyama. Ukifuatilia sana utatembea peku.) Shangazi yangu wa Ahero aliponiona nazo kanisani aliuliza kama kazi imeisha.

Kinachonisumbua kweli ni ngozi ya mbuta, yaani sangara. Hapa Kisumu wapo wanaoilainisha na kushona pochi na viatu vizuri ajabu. Samaki ameshaliwa, minofu imekwenda kiwandani, mgongo wazi umekaangwa na kuuzwa kando ya barabara, na ngozi ilikuwa itupwe. Mimi sivai, maana nilishaamua. Lakini nikiiweka kando ya vile viatu vyangu vya plastiki, siwezi kumwambia anayeivaa kwamba mimi ndiye ninayelitunza ziwa. Mbishi mwenzangu wa vegani huniita msaliti nikisema hivyo. Basi.

Mkanda wangu wa zamani wa ngozi bado ninao, tangu kidato cha nne. Haujakatika.

Jumapili narudi Kibuye. Natafuta koti, na kiberiti kimebaki na njiti tatu.