Nyumba Iliyohesabiwa Hadi Msumari

Katika chumba cha chini cha nyumba tuliyopanga hapa Elgin, jimbo la Illinois, kuna boriti iliyopigwa mhuri wa wino karibu na ncha yake: herufi moja na tarakimu tatu. Kwa miaka miwili niliipita kila nilipokwenda kufua, nikidhani ni alama ya muuza mbao, hadi mwenye nyumba aliponieleza kwamba nyumba nzima iliagizwa kwa posta kutoka Sears, Roebuck, kampuni ya Chicago.

Kati ya 1908 na 1940 kampuni hiyo iliuza nyumba zipatazo 70,000 kwa njia hiyo. Mteja alichagua ramani katika kitabu cha bidhaa, akatuma fedha, na treni ikamshushia shehena yake katika stesheni ya karibu: mbao zilizokwisha kukatwa kwa vipimo na kupewa namba, milango, madirisha, rangi, misumari, na kitabu cha maelekezo kilichoonyesha kila namba inaingia wapi. Saruji na matofali alijinunulia kwao. Mwaka 1918 kampuni ya mafuta ya Standard Oil iliagiza nyumba nyingi kwa mpigo kwa ajili ya wafanyakazi wa migodi yake ya makaa, na 156 kati ya hizo zilijengwa katika mji mdogo wa Carlinville, humu humu Illinois, ambako nyingi zinakaliwa hadi leo.

Ninachokionea wivu si mbao hizo, kwani nyumba ya tofali ya kwetu naipenda zaidi. Naonea wivu hesabu. Nyumba ya mama yangu kule Muheza niliianza mwaka 2014, na fundi aliniambia kwa mdomo kwamba mifuko 60 ya saruji ingetufikisha kwenye lenta. Tulipomaliza mfuko wa 94, kuta zilikuwa bado usawa wa madirisha. Simwiti mwizi, maana hakuna aliyekuwa amekaa chini akahesabu, na mimi mwenyewe niliyekuwa nikituma fedha sikudai hesabu hiyo. Boma likasimama miaka sita bila kupauliwa, nondo zikashika kutu, na mpapai ukaota katikati ya chumba alichopaswa kulala mama.

Hata hivyo, sitaki tuige kila kitu. Tangu 1911 Sears ilikuwa pia ikiwakopesha wanunuzi, na uchumi ulipoanguka miaka ya 1930, walioshindwa kulipa walinyang'anywa nyumba walizozijenga kwa mikono yao. Sisi tunajenga mdogo mdogo, tofali kwa tofali, lakini hakuna benki inayoweza kumtoa mama yangu barazani pake. Hilo silibadilishi kwa lolote.

Ila kuhesabu hakuhitaji mkopo. Wengi wetu tulio ughaibuni tunalipia ramani yenye picha ya rangi ya kuwaonyesha ndugu, kisha tunaona gharama ya mkadiriaji majenzi, mtaalamu wa kuhesabu vifaa na gharama za ujenzi, ni fedha iliyopotea, ilhali karatasi zake ndizo zingetuambia mapema kama tujenge vyumba vinne au viwili. Mimi nimemlipa mwaka huu, nikiwa nimechelewa. Wiki iliyopita, kenchi ziliposhushwa, mama alinisomea orodha yote kwa simu, mstari kwa mstari, akauliza kama misumari ya bati nayo imo. Imo, kilo 14.