Pete ya Bosi
Jana nimelala kwenye kochi, tena lile lenye springi iliyochomoza, na wa kulaumiwa ni Waingereza.

Mimi si wa kudharauliwa kwenye Kiingereza. Miaka saba ya msingi nilisoma kwa Kiswahili, kidato cha kwanza nikakuta hata mende ana Kiingereza chake, na baiolojia nikapata C. Ila kidato cha kwanza hadi cha nne hakuna mwalimu aliyeniambia kwamba pete ni simu.

Bosi wetu mpya ni mama wa makamo, katoka Uingereza. Wiki ya kwanza alisema kuhesabu mali stoo ni "a piece of cake". Nikahesabu hadi saa mbili usiku nikisubiri keki. Wiki ya pili akasema yuko "under the weather". Nikamjibu kwa heshima kwamba sote tuko chini ya hali hiyo hiyo ya hewa, hasa masika hii. Dada wa mapokezi alikuwa anakwenda kwenye usaili, akaambiwa "break a leg", eti avunje mguu. Hakwenda.

Sasa jana. Saa moja jioni niko bafuni na ndoo yangu, umeme hakuna, simu nimeiacha mezani na asilimia nne. Ujumbe wa bosi ukaingia. Mama Zai akausoma kwa sauti, neno moja moja kama anayehesabu mafungu ya dagaa: "Give. Me. A ring. Tonight."

Mama Zai aliishia kidato cha pili, lakini "ring" anaijua kuliko profesa, maana ya dhahabu nilimuahidi mwaka 2014. "Tonight" haihitaji shule.

Natoka na povu masikioni, nakuta kikao. Shangazi yake anakaa nyumba ya tatu. Alifikaje kabla sijajifuta, sijui.

"Baba Zai, huyo mwanamke anataka pete usiku huu huu? Masonara si wamefunga?"

"Shangazi, ni simu! Anasema nimpigie!"

"Haya. Hiyo simu mnaivaa kidole gani?"

Akaitwa Mwalimu, mstaafu wa jirani, na kamusi yake isiyo na jalada. Akavaa miwani, akamulikiwa tochi, akakohoa. "Ring. Moja, pete. Mbili, duara. Tatu, ulingo wa ngumi." Akafunga kamusi. Mwalimu, endelea, kuna kengele huko chini! Akasema macho yamechoka.

Shangazi akatafakari. "Kama si pete, basi anamtaka ulingoni. Hilo ndilo baya zaidi."

Nikanyoosha mgongo kama waziri. Nikatangaza kwamba nampigia mbele yao, sauti kubwa, wasikie wenyewe. Nikabonyeza. Simu ikazima.

Jamani! Mtu akitaka kupigiwa simu anashindwa nini kusema? Ndiyo, simu za zamani zilikuwa na kengele. Ya kwake iko kwenye mtetemo saa zote, haijawahi kulia hata siku moja! Na misemo yao imeshahamia huku kwetu. Mchezaji akihojiwa, kila sentensi "mwisho wa siku". Mwisho wa siku gani, na mechi imechezwa saa kumi?

Leo asubuhi nimemuuliza alikuwa na shida gani. Alitaka kujua ufunguo wa stoo uko wapi.

Halafu huyo huyo ndiye anayeshangaa kwa nini Waswahili tunapiga kila kitu: simu, picha, pasi, mswaki, hodi, deki. Anauliza tuna hasira na nani. Juzijuzi nilimweleza kwamba mlinzi wetu tumheshimu, mzee amekula chumvi nyingi. Kesho yake akaja na mashine ya presha. Mzee akafungwa mkono pale pale getini, na presha ikakutwa juu kweli. Sasa mkewe amemwekea mchicha usio na chumvi wiki nzima, na kila nikipita getini ananikagua begi mara mbili.