Admini wa Mbalamwezi

Mimi nikitaka kujua grupu letu la WhatsApp la mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa, litaamkaje kesho, simu siigusi. Natoka nje natazama juu. Mwezi ukiwa kama ukucha, nalala. Ukiwa nusu, naweka simu kwenye chaji. Ukiwa duara, mweupe, umekaa juu ya ziwa kama sinia la harusini, namwambia mama watoto, "Leo usinisemeshe, nina kazi."

Mtu wa Dar es Salaam anaweza asinielewe. Hapa Kibirizi, Kigoma, kwenye Ziwa Tanganyika, dagaa wanavuliwa gizani. Unawasha taa majini, dagaa wanaifuata taa, unawazoa. Mbalamwezi ikijaa, ziwa zima limekuwa taa, sasa dagaa wakufuate wewe kwa sababu gani? Basi siku hizo mitumbwi inavutwa mchangani, nyavu zinatandazwa, na wanaume waliozoea kukesha wanabaki macho usiku kucha wakiwa na vitu viwili tu mkononi: simu na kinyongo. Grupu letu lina watu 214. Piga hesabu mwenyewe.

Uadmini sikuuomba. Mimi ni fundi taa. Nilianza na karabai, enzi za mafuta ya taa na kupiga pampu mpaka bega linauma, siku hizi natengeneza taa za sola na betri. Siku grupu linaanzishwa, tajiri mmoja wa mitumbwi akasema, "Fundi anajua mambo ya umeme, apewe yeye." Yaani kwa kuwa najua kuunga waya, nijue na kuunga watu. Tangu siku hiyo mtu akitukanwa saa nane za usiku ananipigia mimi. Simu yake ikijaa picha ananipigia mimi. Kuna mmoja mke wake alikuta ujumbe, akanipigia anataka niufute "kwa mitambo". Mitambo gani? Nina bisibisi mbili na gundi.

Kanuni tulianza nazo tano. Salamu kwanza. Matusi hapana. Siasa na dini hapana. Biashara Jumamosi tu. Usitume usichokijua. Mtoto wa darasa la pili anazikariri akienda kuchota maji. Leo ziko 31, na naomba nieleze zilivyozaana, maana watu wanadhani napenda madaraka.

Ile ya salamu ndiyo mama yao. Niliiweka kwa nia njema. Mwaka 1871 yule Stanley alitembea kutoka pwani miezi na miezi, homa zimemtafuna, wapagazi wengine wamemtoroka, akafika Ujiji hapa jirani. Na bado, kabla ya neno lolote, kavua kofia, kauliza kwa adabu kama huyu mbele yake ndiye Dokta Livingstone. Mtu wa grupu letu hajatembea hata hatua moja, kalala chali kitandani kwake Gungu, anaandika, "oya bei gani leo." Oya nani? Tuko 214.

Basi nikaandika: salamu kwanza. Kesho yake saa kumi na mbili asubuhi mmoja akasalimia, "Habari za asubuhi wanagrupu." Wakaitikia wote. Mmoja mmoja. "Nzuri." "Salama." "Njema sijui wewe." Halafu zikaja picha za waridi na kikombe cha chai kinachotoa moshi, zinametameta, kila moja nzito kama gunia. Habari za asubuhi zilipomalizika ilikuwa saa saba, mwingine akaingia na habari za mchana. Bando langu la wiki lilikatikia kwenye waridi la tisa.

Nikaleta kanuni ya sita: atasalimia admini kwa niaba ya wote, wengine mpokee kimoyomoyo. Mwalimu mstaafu wetu akakasirika. "Yaani kijana anisalimie mimi nisiitikie? Nyumbani kwenu mlifundishwa hivyo?" Nikaogopa laana. Kanuni ya saba: wazee wanaruhusiwa kuitikia. Hapo ukazuka mjadala wa mzee ni nani. Siku mbili! Kuna jamaa ana miaka arobaini na tatu, alidai uzee kwa hoja kwamba ana mjukuu. Mwingine akasema yeye ana mvi tangu sekondari, akaambatisha picha ya kichwa. Kanuni ya nane mpaka leo inasomeka hivi: "Mzee ni yule ambaye mwenyewe anajijua." Unacheka, lakini hebu andika wewe nyingine.

Ikaja ya herufi kubwa. Tunaye mama mmoja anauza mawese, mtu mpole, ukikutana naye njiani sauti yake huisikii mpaka uiname. Kwenye grupu anaandika NDUGU ZANGU MAWESE YAPO MAZURI SANA KARIBUNI. Mpwa wangu anayesoma mambo ya kompyuta akaniambia, "Mjomba, kwa adabu za mtandaoni hiyo ni kupiga kelele." Akanisomea kabisa. Kumbe mwaka 1995, wakati mimi napiga pampu ya karabai, huko Marekani mama mmoja wa kampuni ya Intel, Sally Hambridge, alikwisha kuandika waraka wa adabu za intaneti, una namba yake, 1855, na hilo la herufi kubwa limo. Nikapata nguvu. Nikamwandikia mama wa mawese kwa heshima zote. Akajibu: SIPIGI KELELE MWANANGU SIMU NDIVYO ILIVYO NA MACHO YANGU NDIYO HAYA.

Nikaenda mpaka kwake, nikairekebisha simu, iandike herufi ndogo. Nikapewa na chupa ya mawese. Kesho yake asubuhi kanipigia, haoni anachoandika, kamtumia mkwe wake maneno hajui ni nini, na mkwe kanuna. Nikarudi nikairudisha ilivyokuwa. Mawese niliyaacha yakae kwangu. Kanuni ya 12: herufi kubwa marufuku, isipokuwa mama wa mawese.

Waraka ule nikauonea wivu, nikamwomba mpwa anisomee zaidi. Unasema mgeni akae anasoma tu mwezi mmoja au miwili kabla hajafungua mdomo. Sisi mgeni akiingia, kabla "karibu" ya kwanza haijafika, ameshatuma tangazo la mkopo bila dhamana. Halafu kuna kipengele kimoja kizuri mno: ukiwa na hasira, lala kwanza, ujibu kesho. Nikakipenda. Nikakibandika grupuni kama kanuni ya 15, nikaweka na vidole viwili vya kuomba amani. Dakika moja haijapita, nahodha mmoja akauliza, "Fundi, sisi tunalala saa ngapi?"

Sikuwa na jibu. Huyo mama wa Intel hakujua kama kuna watu duniani ambao usiku ndio kazini. Mvuvi ukimwambia alale kwanza, atalala saa nne asubuhi, ataamka saa tisa alasiri, atajibu kwa hasira zote mbili, ya jana na ya kuamshwa na joto la bati. Na mwezi ukijaa ndiyo kabisa. Mwili wake unajua ni saa ya kazi, kazi hakuna. Hapo ndipo mtu anafukua ujumbe wa mwezi uliopita, "Ulisema wavu wangu mbovu, ulimaanisha nini?"

Kutuma vitu visivyojulikana nako kuna mwenyewe. Mzee mmoja, sitasema ni nani, mwenyewe anajijua. Habari ikishapita mikono mingi WhatsApp wanaiwekea mishale miwili, na tangu 2020 ya namna hiyo huwezi kuituma kwa makundi matano kwa mkupuo, ni moja tu kwa wakati mmoja. Walidhani wamemkomesha. Hawamjui. Amestaafu, muda anao. Anatuma moja, anatia miwani sawa, anatuma nyingine, kama mtu anayepanda mahindi. Wiki iliyopita alituletea kwamba muhogo ukiliwa na samaki wa migebuka siku ya Ijumaa unaondoa kisukari. Nikamuuliza chanzo. Akanijibu, "Imeandikwa 'sambaza kabla haijafutwa,' kwa nini ifutwe kama ni uongo?" Nimefikiria siku tatu sijaona pa kumshikia.

Nilijaribu kumtisha na sheria. Sheria ya Makosa ya Mtandao ipo tangu 2015, na kifungu cha 16 kinahusu hiyo hiyo ya kuchapisha taarifa za uongo, faini yake inahesabiwa kwa mamilioni. Nikaandika vizuri, nikaweka na nyundo ya hakimu. Unajua alifanya nini? Aliuchukua ujumbe wangu akausambaza kwenye makundi mengine. Jioni umenirudia kutoka kwa shemeji yangu wa Kasulu, umeongezewa kwamba maadmini wote nchini wanaanza kukamatwa Jumatatu. Una mishale miwili. Mama watoto akaniuliza kama nina nguo safi za kuvaa.

Lakini yote hayo ni mchezo. Balaa lenyewe lilikuwa 2024. Mnakumbuka ziwa lilifungwa, kuanzia 15 Mei mpaka 15 Agosti, samaki wapumue wazaliane? Jambo jema, sipingi, samaki walikuwa wamepungua. Ila mimi mbalamwezi ya siku chache inanipunguza kilo, sasa nikapewa mbalamwezi ya miezi mitatu. Watu wote wako nchi kavu. Taa hazina kazi, kwa hiyo na mimi fundi sina kazi, nakaa nasoma meseji zao. Kanuni zilitoka 15 zikafika 31 katika kipindi hicho, ndiyo maana nyingine ukizisoma hazina akili. Ya 19 inakataza voisi zaidi ya dakika mbili, kwa sababu ya mtu aliyerekodi dakika nane, na katika hizo nane, nne alikuwa amesinzia, tunasikia kuku. Ya 22 inasema usitoe stika bila kusoma juu. Hiyo naieleza, maana iliniumiza.

Jamaa mmoja alipata mtoto, grupu likalipuka, hongera, hongera, stika za watu wanaruka. Katikati ya hongera hizo mwingine akaleta taarifa ya msiba, babu yake amefariki usiku kule Uvinza. Watu hawasomi, wanatupa. Babu wa watu akapokea mtu mnene anayecheza na puto. Akapokea "hongera sana, wa kiume au wa kike?" Nilikuwa nafuta, wanaweka, nafuta, wanaweka, vidole vinatoka jasho. Halafu walipogutuka wakaanza kutuma pole, zikaenda kwa mwenye mtoto. "Kazi ya Mungu haina makosa, jikaze." Yule baba mpya alikaa kimya wiki nzima.

Sasa juzi. Mwezi umejaa, saa sita usiku, watu wawili wanagombania ndoo. Ndoo moja ya plastiki, ya bluu, haina mshikio, nani aliichukua mwaloni Alhamisi. Saa saba wameingia wajomba. Saa nane imeingia historia ya ukoo. Saa nane na nusu mtu akasema ndoo yenyewe ilikuwa kijani, na wote waliokuwa wanatukanana wakamgeukia yeye. Nikasema basi. Kuna kitufe cha kufunga grupu waandike maadmini peke yao. Wenyewe wanasema kipo tangu 2018, mimi nilikigundua usiku ule. Nikakibonyeza.

Ukimya! Nilisikia mawimbi. Sikumbuki lini nimesikia mawimbi. Nikaandika, "Grupu limefungwa mpaka mwezi upungue. Mlale salama." Nikavuta shuka.

Robo saa, "Hodi."

Alikuwa mwenye ndoo. "Shikamoo fundi, samahani kwa usumbufu, za hapa?" Nikaitikia. Nyuma yake yumo anayedaiwa ndoo, naye, "Shikamoo mzee wangu, watoto hawajambo?" Kisha mwenye kijani. Kisha wajomba. Wanavua viatu, wanapeana mikono, wanaulizana hali za nyumbani, wanapishana benchi, "kaa wewe," "hapana kaa wewe." Hakuna aliyepaza sauti. Yule mzee wa mishale miwili alikuja na habari moja tu, tena akaanza kwa kusema, "Nimesikia, sina hakika." Nilitaka kulia. Kanuni zote 31 zinafuatwa barazani kwangu, na hakuna aliyezisoma.

Tatizo ni kwamba watu waliokuja kwa adabu huwezi kuwaacha hivi hivi. Mama watoto akapika chai ya rangi. Usiku wa pili wakawa kumi na mbili. Usiku wa tatu mama wa mawese kaleta muhogo wa kuchemsha, nikafurahi, kumbe muhogo unaita chai zaidi. Ndoo hawajaimaliza mpaka leo, wako kwenye suala la mshikio ulikatikia wapi.

Leo saa tano usiku mama watoto katoka uani ameshika kopo la sukari, kaliinamisha, kaligonga kwa chini. Punje mbili. Hakusema kitu, kalitazama kopo, kaitazama simu yangu.

Nikatazama juu. Bado duara. Nikafungua grupu.

Sijaiweka simu chini, ikalia. Ujumbe umetoka benchi la pili, hatua tatu kutoka niliposimama, kwa kijana yule yule aliyenipa shikamoo mlangoni: "oya fundi chai inakuja au"