Dakika nne kwa miaka 84

Tulimzika babu Jumamosi iliyopita, na hadi leo kifua hakijatulia. Wasifu wake ulisomwa kwa dakika nne. Nilikuwa natazama saa. Alizaliwa, akasoma hadi darasa la nne, akaingia jeshini mwaka 1964 Jeshi la Wananchi wa Tanzania lilipoundwa, akapigana vita vya Kagera dhidi ya Idi Amin wa Uganda, akastaafu, ameacha mjane, watoto 7 na wajukuu 31. Basi. Kisha wageni wenye vyeo wakapokezana kipaza sauti, na wengi wao babu hawakuwahi hata kumtia machoni.

Mzee mmoja mwenye mkongojo akanyoosha mkono akiomba neno. Alikuwa na babu vitani. Mwongoza shughuli akamjibu, "Mzee wangu, utusamehe, muda umetubana." Mzee akashusha mkono.

Najua jua lilikuwa kali, watu walitoka mbali, na kamati haikulala siku tatu. Hilo nawapa. Lakini muda wa kutambulisha wageni ulipatikana.

Baada ya mazishi nilimfuata mzee yule chini ya mwembe, nikamwamkia, nikakaa. Hapo ndipo nilipomfahamu babu yangu.

Kila mwaka babu alikuwa na safari zake. Anafunga kimkoba, anapanda basi, anarudi baada ya wiki na kuku au mkeka. Ukimuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Nilikwenda kusalimia watu." Bibi aliacha kuuliza zamani. Kumbe kikosini babu ndiye aliyekuwa na mwandiko mzuri. Jioni wenzake wasiojua kuandika walimjia, wanasema, yeye anaandika barua za nyumbani. Alijua majina ya wake zao, mtoto mwenye pumu, ng'ombe aliyeuzwa, deni la dukani. Barua nyingine zilifika baada ya mwenyewe kuzikwa. Watatu kati ya aliowaandikia walifia Lukaya, huko Uganda, Machi 1979. Babu alipostaafu akaanza kuzitafuta nyumba zao, moja moja, awaambie wazazi na wajane maneno ambayo hayakuingia kwenye karatasi. Akaendelea kwenda hadi magoti yalipokataa.

Tulikaa naye miaka yote hiyo! Sisi wajukuu tulikuwa na swali moja tu: "Babu, ulimwona Amin?" Akitikisa kichwa, tunatoka kwenda kucheza. Kila tarehe 25 Julai, Siku ya Mashujaa, alipiga pasi shati jeupe, akabandika nishani yake, akakaa karibu na redio. Tarumbeta ikilia anasimama peke yake pale sebuleni, wima, nasi tunapita mbele yake tukitafuta chaja. Najiona nikipita. Picha hiyo hainitoki.

Tarehe za vita tunazo. Oktoba 1978 majeshi ya Amin yaliingia Kagera, daraja la Kyaka likavunjwa, na tarehe 11 Aprili 1979 Kampala ikaanguka. Wanaojua jinsi ilivyokuwa kutembea kwa miguu kutoka huku hadi kule, na nani alisema nini njiani, ndio hao tunaowanyima kipaza sauti. Aliyevuka Kyaka akiwa kijana wa miaka 20 leo anakaribia 70.

Wenye babu na bibi walio hai, nawasihi: wasifu wao usiandikwe usiku wa msiba na mpwa mwenye haraka. Uandikeni pamoja nao wenyewe, wakiwa wanakunywa chai. Waulizeni walikuwa wanakwenda wapi.

Mzee wa mkongojo amenipa namba yake ya simu. Nimenunua daftari kubwa, na Jumamosi nakwenda kwake. Amesema ataanza na majina ya wale watatu, kwa sababu babu alimkabidhi, asije akayasahau.