Vita Vikubwa, Chumba Kidogo

Msomaji anayemaliza riwaya ya kurasa 900 yenye majoka na wafalme, kisha akalilia riwaya nyembamba ya ndoa inayovunjika mtaani, wengi humwona kigeugeu. Kwangu mimi ladha ni ileile, na anayeishi Kisumu ana ushahidi karibu: Luanda Magere, shujaa wa ngano za Wajaluo.

Wajaluo husimulia kwamba mwili wake ulikuwa jiwe, mkuki haukupenya. Wanandi, ambao Wajaluo huwaita Lang'o, waliposhindwa vitani walimpa binti yao amwoe. Siku moja Magere akaugua, akamwagiza mkewe achanje chale za dawa kwenye kivuli chake. Hapo ndipo pa kutua: mwanamke amepiga magoti, kisu mkononi, anachanja udongo wa sakafu, na udongo unatoka damu. Akatorokea kwao na siri hiyo. Vita vilivyofuata, mkuki ulielekezwa kivulini, naye akafa.

Majeshi yote yale yanasimama juu ya chumba kimoja chenye mgonjwa na mke. Fantasia nzuri, yaani riwaya ya majoka na nguvu za ajabu, ina chumba kama hicho, na ikikikosa, mapigano yanachosha hata yakiandikwa kwa ufundi. Jambo jingine: nguvu za ajabu lazima ziwe na mpaka, na msomaji aujue kabla ya vita vya mwisho. Mwandishi anayemzulia shujaa uwezo mpya katika sura ya mwisho amemlaghai msomaji.

Wengi huzitupa riwaya hizi kabla ya ukurasa wa 100, na kosa huwa ni majina. Kunja karatasi iwe alamisho, uandike jina, ni nani kwa nani, na ukurasa alipotokea. Ngoja mtu atokee mara ya pili ndipo umwandike, la sivyo karatasi itajaa wapiga mikuki watakaokufa sura hiyohiyo. Majina 15 hivi yanatosha kukuvusha. Ramani usiikariri, irudie mtu anapofunga safari. Kurasa 30 kwa siku humaliza kitabu cha kurasa 900 kwa mwezi mmoja. Anayesoma 50 Jumapili na kungoja Jumapili nyingine hupoteza robo saa kila mara akikumbuka nani alimsaliti nani.

Ukinunua vitabu vya mitumba, iwe Kisumu au Nakuru, tafuta kwanza namba ya juzuu. Kama haimo kwenye mgongo wa kitabu, angalia orodha ya vitabu vya mwandishi kwenye kurasa za mwanzo. Riwaya kuu ya Tolkien, The Lord of the Rings, ilitoka kwa juzuu 3 mwaka 1954 na 1955, lakini aliiandika kama hadithi moja, kwa hiyo anayeanza na ya pili ameingia katikati ya safari. Mfululizo mkubwa wa Robert Jordan, The Wheel of Time, una juzuu 14. Ulianza 1990, mwenyewe akafariki 2007, na mwandishi mwingine, Brandon Sanderson, akaukamilisha 2013. Ujue unaingia wapi. Halafu fungua kitabu katikati, taratibu: gundi kavu hulia, na ikilia kurasa zitaanza kudondoka. Hakikisha karatasi ya mwisho ipo. Ndiyo huchanika kwanza, na ndiyo inayouma zaidi kukosekana.

Riwaya za maisha ya leo usizichague kwa wingi wa machozi. Tazama udogo wa mambo. Katika Coming to Birth ya Marjorie Oludhe Macgoye, ya 1986, Paulina anatoka Kisumu kwa treni kumfuata mumewe Nairobi, anapoteza mimba, kisha anatoka hospitali na kupotea njia ya kurudi nyumbani. Hakuna hotuba. Msichana hajui barabara, basi, na msomaji anaumia kuliko angesomewa kurasa 10 za maombolezo. Riwaya ya aina hii isome kwa vikao viwili au vitatu, maana uchungu wake hupoa ukikatwakatwa.

Mahali pake pazuri ni baada ya juzuu ya pili ya mfululizo mrefu, akili ikiwa imechoka na panga. Weka moja ya kurasa 200 hivi, kisha urudi kwenye juzuu ya tatu kabla wiki mbili hazijapita. Ukichelewa, ile alamisho yenye majina ndiyo itakayokurudisha, kwa hiyo usiiache ndani ya kitabu ulichoazimisha.