Picha peke yake haitoshi

Kuna makala kuhusu melanoma, aina hatari ya saratani ya ngozi, inayoshauri kupiga picha vidoa vyeusi vya mwilini kila mwezi na kuzilinganisha. Sawa, ila picha nyingi za simu hazilinganishiki: leo umepigia dirishani, mwezi ujao chini ya taa, unadhani rangi imebadilika kumbe ni mwanga tu. Simama palepale, umbali uleule, zima fleshi, weka rula ya milimita kando ya kidoa. Piga ya karibu, kisha ya mbali inayoonyesha kipo sehemu gani ya mwili.

Kile kipimo cha milimita 6, kwamba kidoa kinachozidi hapo ndicho cha kutilia shaka, kisiwape usingizi. Melanoma huanza ikiwa ndogo zaidi ya hapo, na nyingi huchipuka kwenye ngozi iliyokuwa safi, si kwenye kidoa cha zamani. Kwa hiyo kagueni pia kipya kilichojitokeza ukubwani, au kimoja kisichofanana na wenzake. Kinachoinuka, kigumu, kikakua ndani ya wiki chache, hakisubiri picha ya mwezi ujao.

Makala imesahau wenye ngozi nyeusi. Kwetu melanoma hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Mstari mweusi kwenye kucha moja unaozidi kupanuka, hasa weusi ukivuka hadi ngozi ya pembeni, si wa kusingizia kujikwaa. Bob Marley aligunduliwa nayo kidoleni mwa mguu mwaka 1977.

Na tafadhali, msikubali kidoa cha kutilia shaka kiunguzwe. Kikatwe kizima, kiende maabara. Kikishaungua hakuna cha kupima.