Ukimya wa Lech una wenyewe

Juzi picha ya Oberlech, mtaa wa juu wa Lech, kijiji cha watalii wa skii (kuteleza kwenye theluji) kule Austria, ilizunguka kwenye kundi letu la WhatsApp la Waswahili wa kusini mwa Ujerumani. Mapaa yamefunikwa theluji, hakuna gari, hakuna hata mtu. Aliyeituma akaandika kwamba wenzetu wamestaarabika, kijiji kinajiendesha chenyewe, si kama kwetu makelele kutwa kucha. Watu wakamiminia dole gumba. Mimi maneno yale yameniudhi, na nimeshindwa kunyamaza.

Pale nimefika, nikalala. Ni pazuri, sibishi. Lech iko zaidi ya mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, kwenye milima ya Arlberg, na majira ya baridi barabara ya kuingilia ni moja tu, ile ya Flexen. Theluji ikitishia kuporomoka barabara inafungwa, na aliye ndani yuko ndani. Familia ya kifalme ya Uholanzi imekuwa ikienda huko miaka na miaka, na bei zake mnazijua. Oberlech iko juu zaidi, na wakati wa baridi magari hayaingii. Unaacha gari bondeni, unakabidhi mizigo, unapanda kwa gari la waya. Ukifika chumbani, sanduku lako limeshafika.

Limefikaje? Chini ya Oberlech wamechimba mahandaki yanayounganisha hoteli. Masanduku, nyama, mboga, kreti za vinywaji, mashuka machafu, taka, vyote vinapita chini ya ardhi ili mgeni aliye juu asione wala asisikie. Kwa hiyo makelele yapo. Yamefukiwa tu, na waliofukiwa nayo ni watu wenye mikono na migongo.

Asubuhi moja niliamka mapema kuliko wageni wengine, bado giza. Nikasikia kwaruzo la koleo kwenye mawe. Kijana alikuwa anaondoa barafu kwenye ngazi za hoteli, kisha anamwaga changarawe ndogondogo kutoka kwenye ndoo ili watu wasiteleze. Glavu zake zilikuwa zimelowa na kuanza kuganda vidoleni. Tukaongea kwa Kijerumani ambacho si chake wala changu. Ametoka Slovakia, anakaa chumba kimoja na mwenzake, na nyumbani atarudi Aprili msimu wa skii ukiisha. Wageni walipotoka baada ya kifungua kinywa, ngazi zilikuwa kavu na yeye hayupo. Hakuna aliyejua kwamba palikuwa na barafu.

Na hiyo ni ngazi tu. Miteremko ile laini ya kuchezea skii inasawazishwa usiku na madereva wa mashine kubwa, wewe umelala. Theluji ikianguka nyingi, kuna watu wanaotangulia alfajiri kulipua ile iliyoning'inia ili isije ikawaangukia wateja. Mlipuko ule unausikia kwa mbali, unageukia upande wa pili, unaendelea na usingizi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba watu wa milima hii wanaijua habari ya kutumikia watu kuliko wengi wetu. Zamani palikuwa pa wafugaji, na ufukara wake ulikuwa wa kutisha. Kila mwaka, baridi ikianza kulegea, watoto wa maskini wa Tirol na Vorarlberg, mikoa ya Austria inayopakana hapa Arlberg, walipelekwa Swabia, upande wa Ujerumani, kuwachungia matajiri mifugo. Wengine hawajatimiza hata miaka kumi. Wale wa Tirol walivuka Arlberg kwa miguu ndani ya theluji, kabla reli haijapita chini ya mlima mwaka 1884. Mji wa Ravensburg, huko huko Swabia, palikuwa na soko lao. Mkulima anafika, anawaangalia mmoja mmoja, anachagua anayemfaa. Ujira ulikuwa chakula, fedha kidogo, na nguo na viatu vya kurudi navyo nyumbani. Mambo haya yaliendelea mpaka mwanzoni mwa karne ya 20. Wajukuu wa watu hao ndio leo wanaopokea wageni kwenye hoteli za kifahari, na wanaoshuka kwenye mahandaki ni vijana wa nchi nyingine.

Nakubali, wenyeji nao wamejitahidi. Kwa miaka mingi Lech iliweka kikomo cha watu wa kucheza skii mlimani, takriban 14,000 kwa siku, tiketi zikifika hapo zilikuwa zinaacha kuuzwa. Vijiji vingapi vyenye fedha ya kugombaniwa vimethubutu kufanya hivyo? Nawavulia kofia. Lakini kikomo hicho hakijawahi kutandika kitanda cha mtu.

Basi ndugu zangu mnaopanga safari, nendeni, mkafurahi. Mkikutana na mtu amebeba koleo au kikapu cha mashuka, msalimieni kama mnavyosalimia mtu mtaani kwetu, msimpite kama nguzo. Na bakshishi ya anayekusafishia chumba iache kila asubuhi, pembeni ya kitanda, na kikaratasi cha kumwambia ni yake. Usingoje siku ya kuondoka, maana aliyekusafishia Jumanne Jumamosi huenda yuko mapumziko, na fedha itachukuliwa na ambaye hakukutandikia hata mara moja.